Nyumba Niliyoiita Sumu

Mami,

Mwanangu, nilianza kukurekodia voisi kwenye simu, kama kawaida yangu. Nikaongea, nikaongea, halafu nikaifuta. Sauti yangu imeshafanya kazi ya kutosha katika mji huu. Leo wacha niandike, hata kama mwandiko wangu ni kama kuku amepita kwenye majivu. Shule unajua niliiacha mapema, kwa hivyo usinitafutie nukta na mkato. Ukichoka kusoma, pumzika mwenyewe pale unapotaka.

Mabegi yako nimeyaona hapo mlangoni. Sitakwambia uvae nini wala ule nini. Milwaukee kuna baridi, lakini wewe baridi umezaliwa ndani yake, ni mimi niliyeshuka kwenye ndege na ndala. Unga nimekuwekea. Pilau masala nimekuwekea. Hayo yameisha.

Ninachotaka kusema ni kwamba tangu siku wamama walipokuja kuombea nyumba yetu, wewe hujanikasirikia. Ungenikasirikia ningejua la kufanya, si unajua mimi na kelele ni marafiki. Wewe umekuwa na adabu. "Okay, Mum." "Thank you, Mum." Unaosha kikombe chako, unafunga mlango wako pole pole. Nimekaa na wewe miezi hii kama mtu aliyepangisha chumba kwa mgeni wa serikali. Na kesho unaenda, na sitaki uende ukidhani sikuelewa. Nilielewa siku hiyo hiyo, chai ikiwa bado moto.

Wacha nianzie mbali kidogo, unanivumilia, ndiyo kawaida yangu.

Unakumbuka lile jengo letu la Columbia Heights, sisi tukikaa juu, Mama Furaha chini kabisa, nusu ya dirisha lake imezama ardhini. Wewe ulikuwa ukimsalimia tu kwenye ngazi, lakini mimi nilikuwa naye kila siku. Pale kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee Saint Louis Park, chumba cha kufulia, yeye anatoa shuka kwenye mashine, mimi nakunja. Yeye ni wa Uvira, mimi wa Thika, Kiswahili chake na changu vilikuwa vikigongana kama ndoo mbili kwenye mfereji, lakini tulisikilizana. Alikuwa akinibeba kwa gari lake kwenda na kurudi, na hakuwahi kutaka kitu ila stori. Nani ameachana na nani, mchungaji gani amenunua gari gani. Alikuwa akicheka mpaka anapunguza mwendo, watu wanatupigia honi.

Huko kwake chini ukuta ulikuwa na ukungu mweusi. Anausugua na dawa Jumamosi, Jumatano umerudi. Na Furaha, yule mtoto, alikuwa akikohoa mpaka kikohozi kinapanda kwetu kupitia bomba la hita. Wewe ndiye uliyeniambia, kwa Kizungu chako, kwamba yule mtoto akiendelea kulala pale atakuja kuharibika mapafu. Nilikujibu nini? Nilisema pole yake, nikaongeza sauti ya TV.

Halafu ukapata ile kazi ya likizo, kwenye kiwanja cha kiwanda cha zamani huko Saint Paul, kando ya reli. Mimi nilikuwa nakipita na basi. Walikuwa wakiyeyusha vyuma hapo zamani, kikafungwa, kikabaki kuta zimechorwachorwa na miti imeota madirishani. Uliponiambia patajengwa nyumba za watu wa kawaida, nyumba zinazovuna umeme wa jua kwa paa na kuvuta joto kutoka chini ya ardhi kwa mabomba, nilicheka nikasema Wazungu wakikosa pa kuweka maskini wanawaweka jalalani. Ukanikalisha chini ukanieleza. Ule udongo mbaya unachimbwa, unabebwa na malori yaliyofunikwa, wanatandika kitu kizito chini, wanaleta udongo msafi, wanapima, wanapima tena, kabla mtu hajagonga hata msumari mmoja. Ulieleza vizuri sana. Nilikuwa nikiangalia simu.

Basi tukaandikisha majina. Mimi, Mama Furaha, na karibu nusu ya wamama wa fellowship yetu ya kanisani. Majina yanaokotwa kama bahati nasibu, likiitwa lako unapewa siku chache ujibu.

Na ukaniomba kitu, sijui kama unakumbuka, mimi nakumbuka. Ulitaka kuongea na wamama kanisani baada ya ibada, uwaeleze habari ya udongo, wasiogope. Nikakwambia, "Na Kiswahili gani? Hicho chako? Watu watacheka mpaka wamwage chai." Hukuomba tena. Mami, Kiswahili chako ni kile nilichokupa mimi, na nilikupa kidogo. Nilikuwa kazini usiku, ulilelewa na katuni. Kikichechemea, mimi ndiye niliyekivunja mguu. Halafu nikakuonea haya kwa sababu hiyo hiyo. Ungesimama pale na maneno yako yaliyovunjika, Mama Furaha leo angekuwa na nyumba.

Haya. Siku ile ukaja na matope kwenye buti, umechoka, ukakaa pale mezani ukaniambia wamefukua mapipa ambayo hakuna aliyejua yapo. Kazi imesimama, wamekuja watu wenye nguo nyeupe, wanayatoa, ujenzi utachelewa, lakini ni afadhali yameonekana sasa. Halafu ukasema, kwa Kiswahili, ili nisikie vizuri, "Mum, hii ni ya hapa nyumbani."

Nikasema, "Kwani mimi ni nani?"

Ukaenda kuoga. Maji ya bafuni yalikuwa bado yanasikika, na mimi nimeshabonyeza simu, nawatumia wamama voisi kwenye grupu.

Sijui kama ulishawahi kuisikia yote. "Wamama, nawaambia hii kwa sababu nawapenda. Pale kiwandani wamepata mapipa ya sumu. Watu wamevaa kama wanaenda mwezini. Na niwaulize, kama udongo ni mzuri, kwa nini wanaleta mwingine? Ukiona mtu anatandika mkeka mpya, jua chini kuna kitu. Mimi na mtoto wangu hatuendi. Mwenye masikio na asikie."

Kwa muda mrefu nilijiambia ni uoga. Na uoga ninao, si uongo. Pale Thika tulikaa nyuma ya kiwanda cha ngozi, maji ya mtaro leo ya buluu, kesho ya kahawia, na mama yangu, huyo uliyepewa jina lake, alikuwa akitukataza hata mpira ukianguka humo tusiuokote. Kaka yangu mdogo aliuokota. Miguu yake ilitoka vidonda ambavyo hata sasa ukimwona amevaa kaptura unajua. Hiyo stori ni ya kweli, na nimeitumia sana. Kila nikijisuta naivaa kama koti.

Lakini wewe ni mtoto wangu, sitakuachia koti. Siku ile sikuogopa hata kidogo. Nilikuwa na raha. Simu ilikuwa inatetemeka mkononi kama kifaranga. "Mama Wambui, umetoa wapi?" "Mama Wambui, tuambie zaidi!" Manesi, watu wa ofisi, watu wamesoma mpaka wakachoka, wote wananingojea mimi ninayekunja shuka za wazee. Ni tamu, mami. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hiyo ndiyo sehemu ya kuogopa, pale inapokuwa tamu.

Ile voisi ikatembea. Ilifika Iowa kabla hujakausha nywele. Njiani kuna mtu wa kule kwa Wakongomani aliisikia, akairudia kwa sauti yake na Kiswahili chao, akaongeza na chumvi, na hiyo ndiyo iliyomfikia Mama Furaha. Hakujua ilianzia kiti cha pembeni yake kwenye gari.

Jina lake liliitwa. Yeye, kati ya sisi wote, lake ndilo lililotangulia kuitwa. Alinieleza tukirudi kutoka kazini. Wamempigia, wamemwekea mkalimani, na amewaambia hapana.

"Nimekatala," akasema. "Siwezi kuondosha mutoto kwenye ukungu nimutie kwenye sumu."

Nilikuwa nimefunga mkanda, naangalia mbele. Nikasema, "Umefanya vizuri."

Hayo tu. Mimi ambaye sijawahi kukosa la kusema kutoka Saint Louis Park mpaka nyumbani.

Wamama wengine nao wakajitoa mmoja mmoja, mstari ukasogea, jina langu likafika. Wewe ukanichukua mpaka pale, ukanivisha kofia ngumu, ukanishikisha ukuta. Ulinionyesha picha za lile shimo likiwa tupu, ulinisomea vipimo. Nikaona jikoni. Haki ya Mungu, nilipoona lile dirisha la jikoni linaloangalia mashariki nilisahau mapipa yote. Nikatia sahihi. Je, nilirudi kwenye grupu nikasema wamama, nilikosea, njooni? Tulihama siku ya kazi, mchana, watu wakiwa hawapo. Nikiulizwa nasema tumesogea upande wa Saint Paul. Mama Furaha nilimwambia hivyo hivyo, nikaanza kwenda kazini na basi ati nisimsumbue na safari ndefu.

Na nyumba yenyewe unaijua. Baridi ya kwanza nilitembea humu na dera, miguu mitupu, hita hata haisikiki. Treni inapita tunaiona tu, haina sauti. Mvua ikinyesha inaingia kwenye ile bustani iliyochimbwa kama bakuli na kupotea, hakuna dimbwi. Sukuma wiki yangu kwenye masanduku ya udongo imekuwa na majani kama masikio ya ndovu. Sijawahi kukaa pazuri hivi maishani mwangu, na kila kitu kizuri cha nyumba hii kilikuwa kinanitazama.

Halafu wamama wakaanza. "Mama Wambui, mbona hutuiti tuombee nyumba?" Na wewe unajua kwetu, nyumba haijaombewa, haijaliwa chakula, bado ni ghala. Nikachoka kukwepa, nikawaita. Mama Furaha pia, kwa sababu kumwacha kungekuwa na maswali.

Wewe ulikuwa jikoni, hukuona mwanzo wake. Waliingia kila mtu na chupa yake ya maji. Mmoja wao, Mama Kevo, alimweka mtoto wake kwenye mapaja na viatu vyake, kila akitaka kushuka anamfinya. Nikaleta chapati. "Asante dada, mimi nimefunga." Nikamgeukia mwingine. "Na mimi pia, nimefunga." Fellowship nzima imefunga, Jumamosi, bila tangazo! Na walipoomba, Mama Kevo akapaza sauti, "Baba, ondoa kila kilichozikwa chini ya nyumba hii!" Wakaitikia amina mpaka taa ikatikisika.

Wote walikuwa wameisikia sauti yangu mwaka ule. Hakuna aliyesema. Watu wetu hawakuaibishi kwenye meza yako, wanaacha tu chakula chako kipoe.

Mama Furaha peke yake alikula. Alikula chapati, akaongeza, akaomba chai. Halafu akainuka akatembea. Nilimwona anaweka kiganja ukutani chini ya dirisha, pale ukungu hupenda kuanzia, akakinusa kiganja. Akaenda kona nyingine, akafanya vile vile. Akanigeukia.

"Mama Wambui, ni hii njo nyumba nilikatala?"

"Labda si hii hii," nikasema. "Ziko nyingi."

"Ni nani alisemaka ile maneno ya sumu? Mwanamuke gani huyo? Mungu atamuuliza."

Wamama wote wakaangalia ndani ya vikombe ambavyo hawakuwa wamevigusa. Ilikuwa nafasi yangu, mami. Ilikuwa wazi kama mlango. Nikacheka, kile kicheko changu unachokijua, nikasema, "Wacha tu, dada. Watu wengine midomo yao haina breki."

Mama Kevo akapaliwa na mate yake. Na wewe ulikuwa umesimama na thamosi. Uliiweka mezani pole pole, ukachukua koti, ukatoka. Furaha akakukimbilia. Niliwaona kupitia dirishani mmechuchumaa kwenye bustani ya mvua, unamwonyesha kitu kwa kidole, na yeye anakohoa huku anacheka. Mimi nikarudi kuwamiminia chai watu wasiokunywa.

Nimefikiri sana ni lipi lilikuuma zaidi, voisi au kile kicheko. Mimi mwenyewe ni kile kicheko. Voisi nilisema nikiwa mjinga. Kile kicheko nilikitoa nikiwa najua kila kitu, nikamfanya mwenzangu acheke na mimi juu ya kidonda chake. Na alicheka, uliona? Alicheka kwa sababu ananiamini.

Sasa unaenda kufanya kazi hiyo hiyo huko Milwaukee, kusafisha udongo wa viwanda vya watu waliokwisha kufa ili wengine walale hapo. Mimi sina ruhusa ya kukushauri, nakwambia tu nilichokiona kutoka upande wangu. Utakutana na akina mimi wengi. Watakuuliza kwa nini mnaleta udongo mwingine kama wa kwanza ni mzuri, na watauliza kwa dharau. Usiwape karatasi. Kaa nao, kula chapati zao, waambie mlichokipata chini hata kama kinatisha, mapipa na yote, kabla hawajakisikia kwa mtu mwenye raha ya kusema. Na uwaambie kwa Kiswahili chako. Watakaocheka waache wacheke. Nilikosea, ni kizuri.

Na ukija kukosea wewe, na utakosea kwa sababu damu yangu unayo, usingoje siku ile kosa litakapokuwa limekaa vizuri na kupata samani. Mimi nilingoja mpaka nikapamba kosa langu na mapazia.

Leo nilikudanganya kidogo. Sikwenda kununua masala, masala nilikuwa nayo. Nilikwenda Columbia Heights.

Kwenye kituo cha basi, kabla sijapoteza moyo, nilirekodi voisi fupi kwa wamama. Nikasema ni mimi niliyewatisha. Nikasema mapipa yalitolewa, nyumba ni nzuri, nimelala humo baridi nzima, na jengo la pili wameanza, waandikishe majina. Wameisikia wote, naona. Kimya. Mama Kevo ameandika "Amina," sijui amina ya nini. Ya uongo iliruka mpaka Iowa, hii ya kweli imekaa hapo kama mgeni asiyekaribishwa kiti.

Mama Furaha alikuwa anapika sombe, yale majani ya muhogo ya kwao. Akanikaribisha, akasogeza kiti. Sikukaa. Kwenye basi nilikuwa nimepanga maneno mengi, ya Thika, ya kaka yangu, ya mtaro. Yote yaliniponyoka. Nikasema, "Ile stori ya sumu ilianza kwangu. Ni mimi niliyeisema kwanza."

Hakupiga kelele. Alipunguza moto.

"Ile siku mu gari, nilikuambia nimekatala. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na kwako, tulipokula?"

"Nilikuwa najua."

Akakaa yeye kwenye kile kiti alichoniwekea. Nilidhani atanifukuza, na nilitaka anifukuze. Badala yake akaniuliza habari ya nyumba.

"Sasa niambie ya kweli. Wakati ya baridi, ukuta ya chumba ya kulala inatoka maji?"

"Haitoki."

"Dirisha?"

"Ni kavu."

"Harufu?"

"Hakuna. Inanuka mbao kidogo."

"Na mutu analala mpaka asubuhi?"

Furaha alikuwa anakohoa upande wa pili wa ukuta. Nikasema, "Analala mpaka asubuhi."

Aliuliza vyumba vyote, mami. Jikoni, bafuni, jua linaingilia wapi. Na mimi, ambaye maisha yangu yote nimefurahi kuwa na jibu, nilisimama pale na koti langu nikimhesabia uzuri wa nyumba aliyoikosa kwa mdomo wangu, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu aliuliza na alikuwa na haki ya kujua. Alipomaliza akasema, "Bien. Sawa." Akainuka akanisindikiza. Hakusema atanirudisha na gari. Hakusema tutaonana kazini.

Lakini pale mlangoni alinishika mkono wa koti, akaniambia neno moja. Na akasema, "Hii isifike kwa mutu. Hata mutoto yako."

Nimekaa nalo tangu jioni. Nimepika nalo, nimekupita kwenye korido mara ngapi nikiwa nalo, ulimi unaniwasha kama nimelamba pilipili. Ni neno ambalo ungefurahi kulisikia. Na nadhani ukilijua, kesho pale stesheni ungenitazama kwa jicho zuri kidogo.

Sikwambii.

Mimi mama yako.